Waya, Reli na Pamba: Historia ya Simu katika Miji ya Jinja na Mbale

Neno simu asili yake ni Kiajemi, kwa maana ya waya. Historia ya simu mashariki mwa Uganda ni historia ya njia iliyopitishwa waya huo. Katika enzi ya ukoloni, nguzo za telegrafu ziliandamana na reli, nayo reli ilifuata pamba. Reli ya Busoga, kutoka Jinja hadi Namasagali, ilifunguliwa mwaka 1912. Ile ya Tororo hadi Soroti, ipitayo Mbale, ilikamilika mwaka 1929. Mawasiliano yalijengwa kwa mahitaji ya utawala, stesheni na viwanda vya kuchambua pamba. Mkulima wa zao hilo alibaki nje.

Mamlaka yalibadilika, mpangilio ukadumu. Huduma ilisimamiwa kwa pamoja na Kenya, Uganda na Tanganyika. Baada ya Mkataba wa Jumuiya wa 1967, makao makuu ya shirika la posta na simu yaliwekwa Kampala. Miaka kumi baadaye Jumuiya ikavunjika. Hata hivyo, vijiji vilivyozunguka Jinja na Mbale havikusogea karibu na waya.

Sheria ya Mawasiliano ya 1997 ilifungua soko, na simu ya mkononi ikamwondolea mteja haja ya kusubiri nguzo. Lakini intaneti ya kasi hutegemea tena nyaya zinazofukiwa ardhini. Biashara ikiachiwa peke yake kuchagua njia, nyaya hizo zitafuata nyayo za pamba.