Kicheko cha kuambukizana kazini: si dharau, ni presha

Leo sina siasa wala mpira. Leo tuongelee kucheka. Ila usicheke kwanza, soma mpaka mwisho, maana kuna watu wamepoteza kibarua kwa jambo hili.

Nilipomaliza fomu foo nilipata kibarua kwenye kiwanda kimoja cha samaki huku ziwani. Jina nalihifadhi. Kazi yenyewe ni kutoa minofu ya sangara. Unasimama toka asubuhi, gambuti mguuni, vidole vimekufa ganzi kwa barafu, halafu msimamizi yuko nyuma yako anahesabu. Kuongea marufuku. Siku moja mzigo ulichelewa, tukaambiwa hakuna kutoka mpaka uishe. Ilipofika saa tatu usiku, mnofu ukamponyoka dada mmoja, ukateleza mezani mpaka chini. Kitu kidogo tu. Akacheka. Wa pembeni yake naye akacheka. Haikupita dakika meza nzima tumeinama, visu chini, machozi yanatutoka. Msimamizi akafoka, ndo kwanza tukazidi.

Kesho yake getini majina mawili hayakuitwa, la yule dada na la jirani yake. Kosa lao eti ni dharau. Mimi nilikuwepo, na nilimwona yule dada akicheka huku analia. Ndo nikaanza kulitafuta hili jambo, na haya ndo niliyoyapata.

NI KITU GANI HIKI?

Ni kicheko kinachotoka kwa mtu kwa sababu mwenzake anacheka, si kwa sababu kuna cha kuchekesha. Mtaalamu wa Marekani, Robert Provine, alikaa akisikiliza watu wanavyocheka kwenye maisha ya kawaida. Akakuta mara nyingi watu hucheka baada ya maneno ya kawaida kabisa, kama "haya, tutaonana", wala si baada ya kichekesho. Akakuta pia mtu akiwa na wenzake hucheka mara 30 zaidi kuliko akiwa peke yake.

Mwaka 2006 watafiti wa London, akiwemo Sophie Scott, walionyesha kuwa ukisikia tu sauti ya kicheko, sehemu ya ubongo inayoandaa misuli ya uso inaanza kujiweka tayari. Yaani ubongo wako unajiandaa kucheka kabla wewe hujaamua. Ndiyo maana kukizuia ni kazi ngumu, hasa pale mnapokatazwa.

KESI KUBWA ILITOKEA NG'AMBO YA ZIWA LETU

Usidhani haya ni mambo ya Wazungu tu. Kesi inayotajwa zaidi duniani ni ya hapahapa. Vuka ziwa kutoka Musoma uende magharibi, upande wa Kagera. Kulikuwa na shule ya bweni ya wasichana ya misheni pale Kashasha, kama kilometa 40 kutoka Bukoba.

Tarehe 30 Januari 1962 wasichana watatu walianza kucheka. Tanganyika ilikuwa haijamaliza hata miezi miwili ya uhuru, na Mwalimu wetu wa Butiama alikuwa amejiuzulu uwaziri mkuu siku 8 tu kabla. Mpaka shule inafungwa tarehe 18 Machi, wanafunzi 95 kati ya 159 walikuwa wamepatwa. Ilifunguliwa tena Mei, wakapatwa wengine 57, ikafungwa tena mwezi Juni.

Wasichana walirudishwa makwao, na hali ikaenda nao. Nshamba, ambako baadhi yao walitoka, watu 217 walipatwa kati ya Aprili na Mei. Shule ya wasichana ya Ramashenye, karibu na Bukoba, walipatwa 48 kati ya 154. Mpaka mwisho zinatajwa shule 14 zilizofungwa na watu wapatao 1000. Wenyeji waliuita ugonjwa wa kucheka.

Hapa nisahihishe kitu. Watu wanasimulia kwamba walicheka miezi mfululizo bila kupumzika. Si kweli. Mtu alishikwa dakika kadhaa au saa kadhaa, akapumzika, akashikwa tena, na aliyekaa nayo muda mrefu zaidi ni siku 16. Na haikuwa raha. Walilia, walikimbia huku na huko, wengine walisema kuna mtu anawafukuza. Madaktari Rankin na Philip walipima na kuandika ripoti mwaka 1963: hawakukuta sumu wala kijidudu, na hakuna aliyekufa.

Cha kuzingatia sana ni hiki: walimu wote 5 wa Kashasha hawakupatwa hata mmoja. Waliopatwa ni wale wa chini, wenye kupangiwa kila kitu na wasio na pa kusemea. Mtafiti Christian Hempelmann alilirudia suala hili mwaka 2007, akasema chanzo ni msongo, na kicheko kilikuwa dalili moja tu kati ya nyingi. Presha ikikosa mlango inatokea dirishani.

Tusichanganye lakini. Meza yetu ya minofu haikuwa Kashasha. Sisi ilikuwa dakika kadhaa, tukarudi kazini. Ila njia ni ileile: watu wengi pamoja, uchovu, woga, mdomo umefungwa.

UFANYEJE IKITOKEA?

1. Toka nje kidogo, au angalau usiangaliane na anayecheka. Pumua taratibu.
2. Weka chini kisu au chombo chochote cha hatari kwanza.
3. Wewe msimamizi, usifoke. Toa dakika tano watu wanywe maji. Utapata kazi zaidi kuliko ukipiga kelele nusu saa.
4. Kama mtu anacheka peke yake bila sababu mara kwa mara, anapoteza fahamu au anasahau kilichotokea, mpeleke hospitali. Kuna aina ya kifafa na magonjwa mengine ya ubongo yanayoleta kicheko. Usianze kutafuta mchawi.

Namalizia kwa mabosi wa viwandani, wa magereji na wa maofisini. Wafanyakazi wako wakianza kucheka kama wamerogwa, usiulize nani kaanza. Uliza wamesimama saa ngapi.

Yule dada alikuwa na watoto wawili. Kibarua chake hakikurudi.

Haya wadau, na wewe imeshakukuta kazini kwako? Tupia hapo chini, ila majina ya kampuni weka pembeni.