Mara tatu na kidogo: Archimedes na mzingo wa duara

Tuanzie Goma, kwa fundi wa chukudu. Tuseme gurudumu lake la mti lina kipenyo cha sentimeta 30, naye anataka kulivalisha mpira wa tairi ya zamani. Akikata mara tatu ya kipenyo, ni kusema sentimeta 90, mpira haufiki: kunabaki nafasi ya sentimeta 4 na zaidi. Fundi anaijua hiyo «tatu na kidogo» kwa mkono. Sisi tuliomaliza masomo, je, tunajua ile «kidogo» ilipatikana namna gani?

Wengi tulikariri tu. Mimi siku moja nilikatwa pointi kwa kuandika 22/7 mahali mwalimu alitaka 3,14.

Huko Misri, karibu mwaka 1650 mbele ya Kristo, karani Ahmes aliandika kwamba shamba la duara lenye kipenyo 9 lina eneo sawa na mraba wa upande 8. Ukifanya hesabu, inatoa 3,16 hivi. Si mbaya hata kidogo! Lakini haonyeshi sababu, wala hasemi amekosea kwa kiasi gani.

Archimedes wa Syracuse, katika kisiwa cha Sicilia, aliyeuawa mwaka 212 mbele ya Kristo, hakutegemea kamba ya kupimia. Ndani ya duara unachora umbo la pande sita zilizo sawa. Kila upande ni nusu ya kipenyo, kwa hiyo kulizunguka umbo lote ni vipenyo vitatu kamili. Basi anayesema «mara tatu» hajapima duara; amepima pande sita, akaacha vile vipande vya mviringo vinavyotokeza nje. Kisha unachora umbo lingine kwa nje, linaloligusa duara. Sasa duara limebanwa katikati. Unaongeza pande: 12, 24, 48, mpaka 96. Na yote hayo bila sifuri, bila mkato wa desimali, kwa namba zilizoandikwa kwa herufi za Kigiriki (jaribu kutafuta kipeo cha pili namna hiyo!). Mwishowe akathibitisha: mzingo unazidi kipenyo mara 3 na 10/71, lakini haufiki mara 3 na 1/7.

Hapo njo ninaona ukubwa wake. Hakutoa namba moja na kusema «mniamini». Alijenga kuta mbili, akahakikisha kwamba jibu liko kati yao, na anayetaka kuzisogeza karibu zaidi aongeze pande. Liu Hui wa China alitumia pande vilevile mwaka 263. Ludolph van Ceulen naye, karibu mwaka 1600, alifika desimali 35 kwa njia hiyo. Lakini Lambert, katika miaka ya 1760, alionyesha kwamba hakuna sehemu yoyote, hata iwe ndefu namna gani, itakayolingana na namba hiyo kamili.

Kwa hiyo ile 22/7 yangu ni ukuta wa juu wa Archimedes. 3,14 nayo iko chini ya ukuta wake wa chini, maana 3 na 10/71 ni 3,1408. Ya kwanza inakosea kwa 0,0013 hivi. Ile ya mwalimu, kwa 0,0016.