Mtoto wa Fender Aliyezaliwa London

Waulize wapiga gitaa kuhusu amplifaya za Fender na Marshall, watakuambia ni mbingu na ardhi. Fender inang'aa, kila noti unaihesabu. Marshall inaunguruma. Sawa, masikio yao yanasikia vizuri. Ila historia ina utani wake: Marshall ya kwanza ilinakiliwa kutoka kwa Fender.

Hebu twende London, 1962. Jim Marshall, mpiga drams na mwalimu wa drams, alikuwa na duka la vyombo vya muziki mtaa wa Hanwell. Wateja walitaka amplifaya za Marekani, lakini bei hazikushikika. Fundi wake Ken Bran na kijana Dudley Craven wakaichukua saketi ya Fender Bassman, ambayo kwa asili ilikuwa ya gitaa la besi, wakaiunda upya kwa vipuri vilivyopatikana Uingereza. Wakaiita JTM45.

Sasa, vipuri ndivyo vilivyoleta mambo. Valvu ni zile chupa za kioo zinazokuza umeme mdogo utokao kwenye gitaa. Mlangoni kabisa, Bassman ilikuwa na valvu ya 12AY7. Kina Marshall wakaweka ECC83, ambayo hukuza zaidi. Kwa hiyo ukipandisha sauti, valvu zinazofuata huelemewa mapema. Valvu ikielemewa haikati wimbi ghafla; hulibana vilele taratibu, na ndani ya noti moja zikazaliwa sauti nyingine. Ndio ule mkwaruzo mtamu. Tena Bassman ilikuwa na spika nne za inchi 10, kasha wazi nyuma. Marshall wakaja na nne za inchi 12 za Celestion, kasha limezibwa. Mlio ukakaza.

Kwa sisi tuliolelewa na magitaa ya dansi, mkwaruzo huo unaweza kusikika kama spika iliyopasuka. Na mafundi wengi wa enzi hizo waliuona hivyohivyo: kasoro ya kuondolewa.

Kisha 1966 Eric Clapton akaingia studio za Decca na kundi la John Mayall, akiwa na Gibson Les Paul na Marshall. Pikapu za koili mbili za Les Paul husukuma amplifaya kwa nguvu kuliko za koili moja zilizozoeleka kwa Fender. Akapiga kwa sauti kubwa kama yuko jukwaani, mafundi wa studio wakahangaika nayo. Albamu ilipotoka, vijana wakaanza kuzisaka Les Paul kuukuu, maana Gibson walikuwa wameliacha umbo lile. Mwaka 1968 wakalirudisha.

Ndiyo maana ubishi wa "ipi bora" hunichosha. Ukizipiga kwa sauti ya chini, Bassman na JTM45 ni ndugu kabisa. Pandisha sauti ndipo uwasikie: mafundi waliotumia walichonacho, na mpigaji aliyegoma kupunguza.