Plasta ya nyumba kongwe ya matofali: mwongozo kwa wenye nyumba Nyeri na miji ya Mlima Kenya

Kosa linalowagharimu wengi wanaokarabati nyumba kongwe ya matofali ni kuipiga nje plasta ngumu ya saruji. Ukuta uliojengwa kwa chokaa au udongo hunywa maji ya mvua, kisha huyatoa jua likiwaka. Saruji huiziba njia hiyo. Plasta ikipata ufa, maji huingia na kukosa pa kutokea, na tofali huanza kumomonyoka nyuma ya plasta inayoonekana nzima.

Sisi wa Pwani hatuoni ajabu: kuta za mawe ya matumbawe za Lamu na Mji Mkongwe wa Zanzibar zilijengwa na kupakwa kwa chokaa. Nyeri, Karatina na Nanyuki kanuni ni ile ile, ila baridi huchelewesha chokaa kushika.

Kupima ukuta: Kwaruza kwa msumari viungo vya kati ya matofali. Vikibomoka kirahisi, tumia chokaa kipimo 1 kwa mchanga 3. Viungo vikiwa vigumu na matofali imara, saruji 1, chokaa 1 na mchanga 6 hufaa. Plasta isiwe ngumu kuliko ukuta, wala tabaka la nje lisiwe gumu kuliko la ndani.

Kununua: Ulizia chokaa ya ujenzi. Ile ya kilimo, wanayonunua wakulima wa kahawa kupunguza asidi shambani, kwa kawaida ni mawe yaliyosagwa bila kuchomwa. Haishiki ukutani. Mchanga uwe safi. Ukiutikisa na maji kwenye chupa na tope likatanda nene juu yake, uoshe au uukatae.

Msimu: Masika ni Machi hadi Mei, vuli Oktoba hadi Desemba, na Juni hadi Agosti ni baridi na ukungu. Januari na Februari ndiyo miezi bora.

Kazi yenyewe: Ziba kwanza paa na mifereji inayovuja. Bandua plasta ya zamani inayolia wazi ukiigonga. Lowesha ukuta, piga matabaka ya milimita 10 hivi, na kila moja ulikinge na jua kali kwa magunia yenye unyevu. Fundi avae glavu na miwani, maana chokaa huunguza. Mwisho paka chokaa ya rangi, si rangi ya mafuta, la sivyo utakuwa umeuziba tena ukuta uliougharimia upumue.