Daktari Mukwege: Mwana wa Mchungaji Aliyeongeza Dawa Juu ya Maombi

Jarida la maadhimisho mara nyingi tunalijaza historia za wahubiri, na ni vema. Lakini mwaka huu, ndugu msomaji, naomba nikupeleke kwenye chumba cha upasuaji. Huko nako Mungu ana mtumishi, tena wa nyumba yetu ya Kipentekoste na wa ukanda wetu huu wa maziwa.

Denis Mukwege alizaliwa Bukavu, Kongo, tarehe 1 Machi 1955. Ni mtoto wa tatu kati ya tisa. Baba yake alikuwa mchungaji wa Kipentekoste, na kijana alizoea kufuatana naye kwenda kuwaombea wagonjwa. Siku moja waliitwa kwa mtoto mgonjwa sana. Baba akaomba, kisha akajiandaa kuondoka. Denis akashangaa: mbona nyumbani mimi nikiugua unaniombea na dawa unanipa? Baba akamweleza kwamba yeye si daktari, kazi yake ni kuomba. Basi mtoto akaamua palepale: baba ataomba, mimi nitatoa dawa.

Angalia hapo, mpendwa. Huyu mtoto hakuyadharau maombi ya baba yake. Aliona kuna nafasi iko wazi pembeni ya maombi, akajitolea kuijaza.

Safari haikuwa rahisi. Alianzia masomo ya uhandisi Kinshasa, lakini moyo ulikuwa kwingine. Akavuka mpaka kwenda Burundi, na mwaka 1983 akamaliza udaktari huko. Wandugu wa Bujumbura, mna sehemu yenu katika historia hii! Kisha akaenda kufanya kazi Lemera, hospitali ya milimani Kivu Kusini iliyoanzishwa na wamisionari Wapentekoste wa Sweden. Alidhani atahudumia watoto. Alichokiona kikamgeuza: akina mama wanabebwa kutoka mbali, wanafika wakivuja damu, wengine mtoto ameshafia tumboni. Akaenda Angers, Ufaransa, kusomea magonjwa ya wanawake na uzazi. Alipomaliza, mwaka 1989, angeweza kubaki Ulaya na mkewe Madeleine na watoto. Akarudi Lemera.

Ni vizuri nieleze neno moja, maana lipo hata katika makusanyiko yetu: fistula. Mama akikaa na uchungu siku mbili tatu bila msaada, kichwa cha mtoto kinakandamiza nyama za ndani mpaka zinakufa. Panabaki tundu kati ya kibofu na njia ya uzazi. Kuanzia hapo mkojo unatoka wenyewe, usiku na mchana. Ukatili wa kubakwa pia unaleta majeraha ya namna hii. Mama anaanza kunuka, mume anamwacha, majirani wanasema amelogwa, na kanisani anatafuta benchi la mwisho karibu na mlango, halafu siku moja haji tena. Lakini tundu hilo mara nyingi linashonwa na kupona! Ndiyo kazi ambayo Mukwege ameifanya mpaka dunia nzima ikamjua.

Tarehe 6 Oktoba 1996 vita ikaingia Lemera. Hospitali ilishambuliwa, wagonjwa wakauawa vitandani mwao pamoja na wauguzi, watu zaidi ya 30. Daktari hakuwapo siku hiyo. Mtu mwingine angesema basi, imetosha. Yeye alikwenda Bukavu, na mwaka 1999, pamoja na jumuiya ya makanisa ya Kipentekoste, CEPAC, akaanzisha Hospitali ya Panzi. Alitaka mahali salama pa kujifungulia. Lakini mgonjwa wa kwanza hakuja kujifungua: alikuwa mwanamke aliyebakwa na kupigwa risasi. Tangu hapo wamehudumiwa makumi ya maelfu.

Panzi walijifunza kwamba kisu cha daktari peke yake hakitoshi. Kwa hiyo mama anatibiwa mwili, anasaidiwa moyo wake uliovunjika, anapata mwanasheria akitaka kushitaki, na anafundishwa kazi ya mikono ili asirudi nyumbani mikono mitupu. Msamaria naye hakuishia kwenye mafuta na divai. Alimpandisha mnyama wake na akalipa mwenye nyumba ya wageni.

Gharama imegusa mpaka familia. Septemba 2012 alisema wazi mbele ya Umoja wa Mataifa juu ya maovu haya. Tarehe 25 Oktoba mwaka huohuo watu wenye silaha waliingia nyumbani kwake, wakawashika mabinti zake wakimsubiri. Aliporudi, mlinzi wake alijaribu kumwonya, akapigwa risasi akafa. Daktari akanusurika, akaikimbiza familia Ulaya.

Unajua nani walimrudisha? Akina mama maskini wa kwao. Waliuza nanasi na vitunguu, wakachanga pesa ya tiketi yake, na wakaahidi kumlinda wenyewe kwa zamu. Januari 2013 akarudi Bukavu, umati ukampokea barabarani. Mwaka 2018 alipewa Tuzo ya Amani ya Nobel pamoja na Nadia Murad wa Iraki. Mimi lakini naona zile nanasi zilikuwa tuzo kubwa zaidi.

Sasa tuseme ukweli, wapendwa. Bado wapo kati yetu wanaofundisha kwamba kwenda hospitali ni upungufu wa imani. Mama anakaa na uchungu siku ya pili, watu wanaimba na kukemea, na gari halijatafutwa. Luka alikuwa tabibu, na Paulo alimwita mpendwa, hakumwambia achague. Yule mwanamke aliyetokwa damu miaka 12, Yesu hakumfukuza kwa unajisi wake, alimwita binti.

Kwa hiyo, mchungaji, mzee wa kanisa, mama kiongozi: ukirudi kwenu, iwe ni Kigoma, Uvira au Bujumbura, angalia lile benchi la mwisho. Uliza kwa upole ni nani ameacha kuja, na kwa nini. Omba naye, kisha mtafutie nauli. Panzi wanatibu, Dar es Salaam hospitali ya CCBRT inatibu fistula bila malipo. Na mjamzito akianza uchungu, maombi yaanze na gari liitwe saa ileile.

Mungu awabariki, na aulinde ushirika wetu.