Hadibodi ya Darini kwa Babu

Nilikuwa Poli, huko kwenye miteremko ya Mlima Meru, kusaidia kushusha dari ya nyumba ya marehemu babu. Bati lilikuwa limetoboka, mvua za masika zikapita, na vipande viwili vya dari vikavimba kama maandazi. Vingine vyote vilikuwa salama, japo vina umri mkubwa kuliko wangu.

Fundi alikigonga kimoja kwa kidole, akanitazama. "Hii hadibodi ni ya kiwanda cha hapa hapa Arusha, mdogo wangu. Siku hizi huipati."

Nikaigeuza. Upande mmoja laini kama kioo, rangi ya kahawia iliyokolea. Upande wa pili una alama za wavu, vijiraba vidogo vidogo, kama mtu kaibandika juu ya chekeche ingali mbichi. Nikaivunja ukingoni, nikainusa. Haina harufu yoyote zaidi ya vumbi.

Mchana tukaleta mbao za MDF kutoka mjini za kuzibia. Fundi alipoanza kukata kwa msumeno wa umeme, macho yakaniwasha, koo likakauka, ikabidi nitoke nje. "Ni gundi hiyo," akasema, huku amejifunga kitambaa puani kwa namna ya mtu aliyezoea. Nikakaa chini ya mgomba nikajiuliza: sasa ile ya babu ilishikizwa kwa gundi gani?

Jibu lake nililipata baada ya wiki nzima ya kusoma, na lilinikera kidogo. Ilishikizwa kwa gundi ya mti wenyewe.

Tuanzie mbali. Mti umejengwa kwa nyuzi za selulosi, na kati ya nyuzi hizo kuna kitu kinachozigandisha pamoja ili shina lisimame. Mwaka 1813 mwanabotania wa Uswisi, Augustin Pyrame de Candolle, alikipa jina la lignini, kutokana na neno la Kilatini la mbao. Katika miti kama mpaini na msaiprasi, lignini hufika zaidi ya robo ya uzito wa mbao kavu. Kwa hiyo ukibeba ubao wa kilo 10, karibu kilo 3 kati yake ni gundi. Hujainunua dukani.

Ikipata joto na unyevu, gundi hiyo hulainika. Ikipoa, hushika tena. Aliyelitumia jambo hili kiwandani ni Mmarekani William H. Mason, mwaka 1924, katika mji wa Laurel, Mississippi. Alikuwa anasumbuliwa na mabaki ya viwanda vya kupasulia mbao. Akayatia vipande vya mbao kwenye chombo chenye mvuke wa shinikizo kubwa, akaliachia ghafla, mbao ikalipuka ikawa nyuzi. Inasimuliwa kwamba siku moja aliacha nyuzi hizo kwenye mashine ya kukandamiza akaenda kula, na valvu mbovu ikaendelea kuvujisha mvuke. Aliporudi akakuta ubao mgumu, mwembamba, uliojishika wenyewe. Hadithi za namna hii mimi huzichukua kwa tahadhari (wagunduzi wanapenda sana ajali za wakati wa chakula), lakini ubao ni wa kweli, na ukaitwa Masonite.

Njia hiyo hutumia maji mengi. Nyuzi huchanganywa na maji mpaka ziwe kama uji, uji humwagwa juu ya wavu maji yachuje, kisha mkeka uliobaki hukandamizwa kwa joto la nyuzi 200 hivi za Selsiasi. Wavu huachwa chini wakati wa kukandamiza ili mvuke upate pa kutokea. Ndiyo zile alama za vijiraba darini kwa babu! Gundi ya kuongeza ama haiwekwi kabisa, ama huwekwa kidogo mno. Kazi kubwa inafanywa na lignini.

Sasa turudi Arusha. Azimio la 1967 lilipitishwa mjini kwetu, na mashirika ya umma yakafuata. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 likaundwa shirika la viwanda vya mbao, TWICO, na chini yake kukawa na kiwanda cha ubao wa nyuzi hapa Arusha, Fibreboards Africa. Mahali palifaa. Meru ina shamba la miti la serikali lenye mipaini, misaiprasi na mikaratusi, na pale Olmotonyi kuna chuo cha misitu kilichoanzishwa tangu 1937. Kwenye kuvuna na kupasua mbao hubaki matawi, ncha na magogo membamba yasiyotoa ubao wa maana. Kwa fundi seremala hayo ni kuni. Kwa kiwanda cha nyuzi ni malighafi.

Wale mliokulia Arusha mtaikumbuka hadibodi bila kujua mnaikumbuka: dari, migongo ya makabati, sehemu ya chini ya droo, mgongo wa fremu ya picha ya harusi ya wazazi. Ilikuwa kitu cha kawaida kiasi kwamba hakuna aliyeiuliza imetengenezwaje.

Miaka ya 1990 ikaja na ubinafsishaji, TWICO ikavunjwa, kiwanda kikabadilisha mikono. Najua kuna wasomaji watakaonirukia hapa na hotuba dhidi ya soko huria, na wengine watakaonirukia na hotuba dhidi ya mashirika ya umma. Subirini kidogo. Njia ya Mason ilikuwa inazidiwa dunia nzima, na sababu zake hazikuanzia Dar es Salaam. Inakunywa maji kupita kiasi, na maji yanayotoka ni machafu, yana sukari za mbao zinazoua mito. Inakula nishati nyingi. Tangu katikati ya miaka ya 1960 Wamarekani walikuwa wameanza kutengeneza MDF kwa njia kavu: nyuzi hupulizwa kwa hewa na kunyunyiziwa gundi ya yurea na fomaldehaidi. Ni nafuu, unapata unene unaoutaka, na seremala anaweza kuichonga kingo. Ila fomaldehaidi huendelea kutoka kidogo kidogo kwenye ubao, na mwaka 2004 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliiweka katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Ndiyo iliyonitoa nje nikakae chini ya mgomba.

Na hapa ndipo historia inapojizungusha. Wakemia wa leo wanatafuta gundi isiyotokana na mafuta ya petroli, na wametua wapi? Kwenye lignini. Safari hii haiachwi ndani ya nyuzi, inatengwa na kutiwa kwenye gundi ya plaiwudi badala ya sehemu ya fenoli. Finland kiwanda cha Sunila kilianza kutenga lignini kwa wingi mwaka 2015.

Haikuwa kazi rahisi. Lignini iliyopikwa kiwandani hubadilika, molekuli zake ni kubwa na hazifanani, na sehemu zinazoweza kushikana na kemikali nyingine ni chache kuliko za fenoli. Hivyo huganda polepole, na kiwanda hulipia kila sekunde ya mashine. Viwanda vingi vya karatasi huona heri kuichoma kwenye tanuru kupata mvuke.

Sisi wenyewe tulikuwa na njia ya jirani. Njombe kuna Tanganyika Wattle Company tangu 1949, inayokamua tanini kutoka magome ya miwati kwa ajili ya kulainisha ngozi. Tanini ni binamu wa lignini kikemia, lakini ni mwepesi zaidi wa kuganda, na Afrika Kusini walianza kuifanya gundi ya mbao viwandani miaka ya 1970. Mwaka 2003 watafiti Bisanda, Ogola na Tesha walichapisha kazi yao kuhusu gundi ya tanini kwa ajili ya mbao za chembechembe. Nimeuliza maduka matatu ya mbao Unga Limited kama wana ubao wowote wa gundi ya miwati. Wa kwanza alicheka, wa pili alinionyesha Ponal, wa tatu akaniuliza natafuta kazi gani hasa.

Sitaki kuipamba hadibodi. Vile vipande viwili vilivyolowa vilikuwa havifai hata kwa banda la kuku, vilimeguka mkononi kama mkate. Gundi ya lignini peke yake haivumilii maji ya muda mrefu, na ndiyo maana watu walitafuta nyingine. Kinachonisumbua ni kitu kingine. Kuna watu mjini hapa waliosimama kwenye ile mashine zamu baada ya zamu, wakijua kwa mkono ni mvuke kiasi gani unalainisha msaiprasi wa Meru na kiasi gani unauunguza. Ujuzi huo ndio maabara za Ulaya zinaulipia sasa. Wengi wa wazee hao ni wastaafu, na sijaona mahali popote palipoandikwa walichokijua.

Nimebaki na kipande kimoja cha dari, cha ukubwa wa daftari, kiko juu ya meza ninapoandika. Kama baba yako, mjomba au shangazi alifanya kazi pale kiwandani, niandikie. Nitakuja na kinasa sauti, na sukari kilo mbili.