Jukwaa la Forodhani

Kila likizo ya Desemba, familia zetu za hapa Ilford zinazojaliwa kwenda nyumbani hurudi na picha zilezile za Forodhani: piza ya Zanzibar ikikaangwa, vijana wakipiga makachu, jua likizama. Nyuma ya picha hizo, mara nyingi limekatwa nusu, huonekana banda jeupe lisilo na kuta, paa juu ya nguzo. Tulipokuwa tukichagua picha za jarida hili mtoto mmoja akauliza kama hicho ni kituo cha basi. Tulicheka, kisha tukaona haya, maana wengi wetu hatukuwa na jibu la maana.

Hilo ni jukwaa la bendi, na ni vyema watoto wetu wajue lilifikaje pale.

Kabla ya bustani, pale palikuwa mahali pa jasho. Forodha ndiyo ofisi ya ushuru, na mbele ya Ngome Kongwe ndipo mizigo ilipopitia, huku wachukuzi wakipandisha na kuteremsha. Hata reli ya Bububu, ile ya maili 7, ilianzia hapo. Miaka ya 1920 bandari mpya ikajengwa Malindi, na mwaka 1928 reli ikafungwa. Pakabaki uwanja mtupu ufukweni, katikati ya mji, mbele ya Beit el Ajaib. Katikati ya miaka ya 1930 ukageuzwa bustani, ikafungamanishwa na jubilei ya miaka 25 ya Sayyid Khalifa bin Harub, aliyetawala tangu 1911. Ikaitwa Bustani ya Jubilei, na ndani yake likawekwa jukwaa.

Jina hilo la serikali halikudumu midomoni mwa watu. Baada ya Mapinduzi ya 1964 likakosa wa kulitetea, likabaki Forodhani, jina la wachukuzi. Sisi tunaona haki ilitendeka.

Kwa nini jukwaa la bendi? Kwa sababu mji ule ulikwisha kuzoea matarumbeta. Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alikuwa na bendi ya wapigaji wa Kigoa. Ni yeye huyohuyo anayetajwa kumpeleka Mohamed Ibrahim Misri kujifunza muziki, na huko ndiko tunakoanzia tukihadithia taarabu. Ikhwani Safaa ikaundwa mwaka 1905. Taarabu ilikuwa na kumbi zake na harusi zake, na mara nyingi ilihitaji mwaliko. Muziki wa bustanini haukuhitaji kadi wala nauli. Wazee wetu wanasimulia jioni za kukaa kwenye majani wakiwa wadogo, bendi ikipiga, kila mtu na kikaratasi chake cha njugu, bibi akikataza watoto wasikaribie ukuta wa bahari.

Ukuta huo ndio uliokaribia kuiponza bustani. Kufikia mwanzo wa karne hii bahari ilikuwa ikiutafuna, mitaro ilikuwa mibovu, majani yamekwisha kwa kukanyagwa, ingawa Mji Mkongwe ulikwisha kuingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000. Mwaka 2008 Taasisi ya Aga Khan ya Utamaduni, pamoja na Serikali ya Zanzibar, ilianza ukarabati uliogharimu zaidi ya dola milioni 2 za Marekani. Sehemu kubwa ya fedha iliishia mahali pasipopigwa picha: ukuta, mitaro, nyaya za umeme. Bustani ilifunguliwa tena tarehe 30 Julai 2009, jukwaa likiwa palepale. (Mwaka huohuo, hapa kwetu, jumba la Valentines lilifunguliwa upya kwa umma baada ya matengenezo. Tunaopeleka watoto kule bustanini Jumapili tunajua tofauti.)

Wapo waliolalamika kwamba bustani imekuwa ya watalii, na bei ya mishkaki inawapa ushahidi. Lakini tulione lililotokea jirani. Beit el Ajaib, iliyojengwa 1883, ilianguka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020 ikiwa katikati ya matengenezo, na mafundi wawili wakafariki.

Linalotusumbua sisi ni jingine. Muziki mkubwa umevuka barabara. Tamasha la Nchi za Jahazi, tangu 1998, na Sauti za Busara, tangu 2004, yamefanya Ngome Kongwe kuwa ukumbi wa wazi unaojulikana duniani, na tunajivunia. Lakini Ngome ina mlango. Jukwaa la Forodhani halina, na jioni nyingi tulizopita pale tumekuta watu wameketi chini ya paa lake wakila urojo, hakuna hata ngoma moja.

Katika jumuiya yetu wapo wanaohesabu uhuru kwa 9 Desemba 1961, wapo wa 10 Desemba 1963, wapo wa 12 Januari 1964, na kila mwaka tunabishana kabla ya kupika pilau pamoja. Karibu wote, hata hivyo, wamepita Forodhani.

Basi mwenye picha ya zamani ya jukwaa lile, hasa yenye bendi juu yake, ailete siku ya sherehe. Tutaipiga nakala na kumrudishia hapohapo. Nyuma aandike mwaka, na majina ya waliomo.